Mifuko Mia Nne na Kumi na Miwili

Kituo kizima kilimwita Mama Ulimi, na usidhani ni kwa sababu ya umbeya. Kwa maneno alikuwa mchoyo kweli kweli. Ni ulimi wenyewe, ule wa nyama, uliompa jina. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuonja mbegu za lupini na kutamka neno moja kati ya mawili: tamu, au chungu. Akishatamka, imekwisha. Hakuna aliyembishia, hata Daktari mwenyewe, yule mama mwembamba wa miwani aliyekuwa mkuu wa kituo cha mbegu.

Kama hujawahi kuiona lupini, ni jamii ya kunde. Majani yake yamechanua kama vidole vya mkono ulio wazi, na punje yake ni bapa, nyeupe, nono kuliko haragwe. Ile ya asili ni chungu, na uchungu wake si wa kukunja uso tu, una sumu ndani. Sharti uiloweke siku tano, ukimwaga maji asubuhi na jioni. Ukifanya haraka, watu wanatapika na kuona mbili mbili, na watoto ndiyo usiseme. Ile tamu unachemsha leo, unakula leo. Lakini ile tamu nayo ilikuwa na adui wake, ugonjwa wa chule. Shina linajipinda, ganda linatoka donda la rangi ya chungwa, na ndani ya wiki mbili shamba lote limekuwa kuni. Misimu miwili mfululizo chule kilikuwa kimewafuta wakulima.

Ndipo ikapatikana Namba Arobaini na Moja, lupini ya aina mpya. Daktari aliihangaikia miaka tisa, mpaka mvi zikamjaa kichwani. Waliipanda makusudi katikati ya mimea iliyooza kwa chule, ikasimama kidete. Ikazaa karibu mara mbili ya zile za zamani. Na ilikuwa tamu. Sasa mimea mia nne na kumi na miwili ilikuwa imevunwa, kila mmoja ukiwa na mfuko wake wa karatasi wenye namba. Mama Ulimi alitakiwa aonje punje moja kutoka kila mfuko. Chungu itupwe. Tamu zote zimiminwe pamoja kwenye magunia, na kesho yake wakulima waje kuchukua. Zikishamiminwa zimechanganyika, hata malaika hawezi kuzitenganisha.

Aliionja mifuko yote kwa siku nane, akaandika juu ya kila mmoja kwa mkono wake: tamu.

Na katika siku zote hizo nane hakusikia ladha yoyote.

Miezi mitatu nyuma alipigwa na mafua makali ya kulala kitandani. Homa ikaondoka, pua ikazibuka, ulimi ukabaki umekufa. Uji, limau, sabuni, vyote vikawa maji tu. Wa kwanza kugundua alikuwa mumewe, fundi viatu, mtu wa masihara asubuhi mpaka jioni. Alionja maharage akaweka kijiko chini polepole.

"Mke wangu," alisema, "kama umechoka kuishi na mimi sema tu. Usinikaushe kwa chumvi kama samaki."

Alicheka. Mama Ulimi hakucheka. Akamwambia mkono uliteleza. Siku ya pili mkono ukateleza tena. Siku ya tatu fundi viatu hakutania, alimtazama tu, na yeye akainuka akaenda kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Kwa nini hakusema? Nitakwambia, maana mimi simtetei. Mwanamke huyu aliingia kituoni akiwa mfagizi. Siku moja, akifagia chumba cha kuonjea, aliokota punje sakafuni akaitafuna kwa mazoea, akasema, "Hii ina uchungu kwa mbali." Karatasi za kupimia uchungu zilikuwa zimeipitisha. Daktari akarudia kipimo mara tatu, na mara ya tatu karatasi ikageuka rangi. Tangu siku hiyo ufagio akapewa mwingine, yeye akapewa kiti, kikombe cha kusukutulia, wembe wa kukatia punje, na jina. Sasa aende akaseme nini? Kwamba ulimi umekufa? Mama Ulimi asiye na ulimi ni nani? Na karatasi za kupimia zilikuwa zimekwisha tangu mwaka uliopita, zimeagizwa, hazijafika. Kila mtu alikuwa anamtegemea yeye. Akajiambia ulimi utarudi. Haukurudi.

Alikuwa na kitu kimoja cha kumtuliza, nacho ni neti. Lupini tamu haigeuki chungu hivi hivi. Nyuki ndiye mchawi, anatoka kwenye lupini chungu za majirani na unga wa maua miguuni. Ndiyo maana mimea ya Namba Arobaini na Moja iliishi ndani ya neti, na neti hizo zilikuwa chini ya Mzee Chandarua, mtu mwangalifu mpaka anakera, anayekagua kila tundu kwa miwani mbili. "Neti ya Mzee haipitishi hata dhambi," Mama Ulimi alijisemea kila alipokata punje. "Zote ni tamu. Mimi ni wa kugonga muhuri tu."

Asubuhi ya kumimina, stoo ilikuwa imefagiwa mpaka inang'aa. Mifuko imepangwa sakafuni kwa safu, magunia mapya yamefunguliwa midomo. Mtunza stoo, dada mnene mwenye sauti ya redio, alishika daftari. Simu ya Mama Ulimi ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa fundi viatu, mkulima, jina lake la tatu kwenye orodha ya kupewa mbegu.

"Wifi yangu wewe, kesho mapema niko hapo! Nimechoka kuloweka, mikono imekuwa kama ya chura. Safari hii nikivuna, siku hiyo hiyo chungu jikoni, watoto wale washibe."

"Karibu, wifi," Mama Ulimi alisema, na sauti yake ilikuwa sawa kabisa.

Alipokata simu, Mzee Chandarua alikuwa amesimama karibu naye, anajikuna kidevu. Alimvuta kando, nyuma ya mzani.

"Mama Ulimi, leo nataka kukushukuru," alinong'ona. "Umenitoa kwenye aibu."

"Aibu ipi, Mzee?"

"Msimu uliopita, mimea ikiwa kwenye maua. Neti ya upande wa kisima ilichanika. Siku mbili nzima sikuona. Nilipoiona nilikuta nyuki wamejaa ndani kama wamealikwa. Nikaishona kimya kimya. Sikusema."

Mama Ulimi alishika mzani.

"Unajua uchungu haujitokezi mara ile ile," mzee aliendelea. "Unajificha kwenye punje kizazi kimoja, unakuja kutokea kwa mtoto wake. Ndiyo msimu huu. Nikasema moyoni, hata kama umeingia, Mama Ulimi ataukamata. Usiku sikulala mpaka uliposema zote tamu. Mungu akubariki, mama. Ningekuwa nimeua kazi ya miaka tisa."

Yaani tazama watu hawa wawili! Huyu kanyamaza kwa kuuamini ulimi wa yule, yule kanyamaza kwa kuiamini neti ya huyu. Na katikati yao hakukuwa na kitu, ni hewa tupu.

"Tuanze!" Daktari aliita.

Mtunza stoo alisoma, "Mfuko namba moja, tamu," akaumimina. Punje zikagonga chini ya gunia. "Namba mbili, tamu." Mama Ulimi alisimama pale pale. Sema, alijiambia. Namba tatu. Sema sasa. Namba nne. Labda nyuki hawakuleta kitu. Namba tano. Labda ni mifuko michache, na wakulima wengi wanaloweka kwa mazoea tu. Hapo hapo akaisikia sauti ya wifi yake, siku hiyo hiyo chungu jikoni.

"Namba tisa!" Mtunza stoo aliunyanyua juu, watu wakapiga makofi. Ule mmea kila mtu aliujua. Ulizaa maganda themanini na mawili, haukupata hata doa moja la chule, na Daktari alikuwa akiuamkia kila asubuhi kama mkwe wake. Mfuko ukamiminwa pamoja na mingine. Mama Ulimi aliona punje zikizama, akafungua mdomo, akaufunga.

Kumi. Kumi na moja. Uoga ni kitu cha ajabu, unakushika shingo huku unakupa sababu nzuri nzuri. Ataambiwa nini? Unga utamwagika. Watu watasema alikuwa akidanganya tangu lini, labda tangu zamani. Mumewe atajua kwamba alimficha. Kumi na tisa. Ishirini. Mzee Chandarua alimtazama kutoka ng'ambo, akatabasamu kwa shukrani, na tabasamu lile ndilo lililomchoma. Ishirini na tatu.

"Acheni!"

Alipiga kelele kiasi kwamba mtunza stoo aliuangusha mfuko wa ishirini na nne, bahati nzuri ukiwa bado umefungwa.

"Kuna nini?" Daktari aliuliza.

"Sikuonja. Nilitafuna, Daktari, lakini sikuonja. Ulimi wangu umekufa tangu yale mafua. Nimeandika tamu kwa kubahatisha. Yote. Mia nne na kumi na miwili."

Mzee Chandarua alijiinamia, akajikalisha juu ya gunia tupu. Kisha naye, taratibu, bila kuulizwa, akasema la neti. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Miezi mitatu," alisema. "Kila asubuhi unanisalimia. Kila asubuhi nakuuliza kazi inaendaje."

"Ndiyo, Daktari."

"Na umesimama hapo mpaka namba tisa imeingia."

Mama Ulimi aliinamisha macho kwenye gunia, na mimi sina la kumsaidia.

Gunia lile lenye mifuko ishirini na mitatu lilifungwa, likapelekwa nyuma ya ghala, lipandwe kando na kulimiwa chini likiwa bichi, liwe mbolea. Namba tisa ilikuwa humo. Wakulima walipigiwa simu, wakaambiwa waje Jumatatu. Wifi alipiga mara nne, Mama Ulimi akapokea ya nne, akamwambia ukweli wote akiwa amesimama uani. Wifi akasema, "Ungewalisha wanangu, wewe?" na akakata simu.

Mchana ule meza ndefu ikatolewa katikati ya stoo. Walioonja walikuwa wanne: Daktari, Mzee Chandarua, mtunza stoo na dereva. Mama Ulimi alijua utaratibu kuliko wote, kwa hiyo Daktari akamwekea kiti mwishoni mwa meza, na kalamu nyekundu.

"Utaandika," alisema. "Kuonja basi. Kiti kile si chako tena."

"Sawa, Daktari."

Basi akawafundisha. Kata kipande chembamba, tafuna kwa meno ya mbele, hesabu mpaka kumi, maana uchungu wa lupini ni mwizi, unakuja nyuma ya ulimi ukishadhani umepona. Tema, sukutua, pumzika. Wakaanza. Tamu. Tamu. Tamu. Dereva akaleta utani kwamba sasa anaelewa kwa nini mbuzi hacheki, wenzake wakaendelea kutafuna. Mfuko wa hamsini ukapita, wa themanini, wa mia. Moyo wa Mama Ulimi ukaanza kupanda kidogo. Huenda nyuki walikuja mikono mitupu. Huenda alikuwa amejiua bure, na Mungu wangu, alitamani sana iwe bure!

Mfuko namba mia moja na kumi na nane ulimwangukia Daktari. Alikata, akatafuna, akahesabu kwa vidole mezani. Moja, mbili, tatu. Kwenye saba kidole kilisimama. Uso wake ukajikunja kuanzia kwenye pua, macho yakalowa, akatema na kushika kikombe kwa mikono miwili. Alisukutua mara tatu kabla ya kusema, na alikuwa hana haja ya kusema.

"Chungu."

Juu ya mfuko, kwa mwandiko mzuri wa mviringo, neno tamu lilikuwa linawatazama wote.

Mama Ulimi alinyoosha mkono. "Nipe iliyobaki, Daktari."

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Daktari alimsogezea. Aliitia mdomoni ile nusu ya punje, akaitafuna kwa meno ya mbele, akahesabu mpaka kumi. Akahesabu mpaka ishirini. Alifumba macho akautafuta ule uchungu kila kona ya kinywa chake, uchungu aliokuwa akiukamata kwa mbali akiwa bado na ufagio mkononi, uchungu ambao wanne wote mezani wangeuhisi. Hakutema. Alimeza.

"Unasikia chochote?" Daktari aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka jibu liwe ndiyo.

"Hapana, Daktari. Ni kama chaki."

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Alivuta mfuko, akalikata neno lake kwa kalamu nyekundu, akaandika chungu. Kabla jua halijazama aliandika neno hilo mara tano nyingine.