Kata ya Mbege Ghalani Temeke

Jamani, mie mhitimu wa masomo ya jioni, mtu wa Masasi, sishindwagi na kitu! Basi baba yake Anna, mchumba wangu, akaniita Temeke nionwe na ndugu zake Wachaga. Ghala la ushirika uliokufa lilikuwa limegeuzwa kilabu, mapipa ya mbege, pombe yao ya ndizi, yakiumuka pale yalipokuwaga magunia ya sembe. Wakinikubali, naoa.

Wazee walijipanga kwenye benchi refu. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikakaa. Mama muuza akanipa kata ya kibuyu iliyojaa mbege, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto.

"Mgeni aanze," akasema baba yake Anna.

Nikajua huu ndio mtihani. Nikanywa, nikapumua, nikanywa tena, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi. Benchi zima limenikodolea macho. Heshima hiyo! Nilipomaliza nikaigeuza kata juu chini.

"Masasi hiyo!" nikatamba.

Mzee wa pembeni yangu alikuwa bado amekinga mikono.

"Mwanangu, kata hii huzunguka benchi zima," akasema. "Sasa oa tu, maana wewe umeshaunywa ukoo wote."