Magofu Tuliyoyapita Sebuleni

Mume wangu alifukiwa shimoni asubuhi na akatolewa jioni ileile. Hakuvunjika mfupa hata mmoja. Alikuwa na mchubuko begani na vumbi jekundu masikioni, na daktari aliyempima hapa Voi alituambia twende nyumbani tukamshukuru Mungu. Tukaenda. Watu wa kanisa walikuja wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, na walipoondoka wote mume wangu alilibeba godoro akalitandika barazani.

"Ndani kuna joto," akasema.

Voi kuna joto kweli, kwa hivyo sikubisha.

Alikuwa mchimbaji wa mawe. Huku kwetu Taita hatuna haja ya kusema vito. Mtu akisema ana mawe, kila mmoja anajua si ya kujengea. Yeye na wenzake wawili walikuwa na shimo lao upande wa Kasigau, walilolichimba kwa nyundo na patasi, likishuka kwa mteremko kisha likipinda. Siku hiyo wenzake walikuwa nje wakinywa maji. Paa liliporomoka kati yake na mlango. Wachimbaji wa mashimo ya jirani waliacha kazi zao wakaja kuchimbua, na jua lilipokuwa linashuka walimvuta nje kwa mikono. Hayo niliyasikia kwa wenzake. Yeye mwenyewe aliniambia tu kwamba tochi yake ya kichwani ilizimika. Zaidi ya hapo hakusema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi yangu ni kuangalia watoto arobaini na kujua yupi ana shida kabla hajafungua mdomo, lakini kwa mume wangu nilichelewa kuona. Kwanza niliona hafungi mlango wa bafu. Nikafunga leso pale mlangoni iwe pazia. Kisha nikaona haingii stoo. Akitaka jembe ananiomba mimi. Kanisani akaanza kukaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Treni ya mizigo ikipita na vikombe vikilia kwenye rafu, ninapogeuka yeye ameshafika uani. Hakupiga kelele wala hakugombana na mtu. Alikuwa mpole kupita kawaida, akinishukuru kwa kila sahani ya chakula kama mgeni, na huo upole ndio ulioniogopesha.

Hospitali walimpa mshauri wa kuzungumza naye. Alienda mara moja. Nilipomuuliza alisema yule mama ni mtu mzuri sana, ila chumba chake ni kidogo.

Miezi ilipita hivyo. Mvua ya vuli ilipoanza alisogeza godoro karibu na ukuta, akajifunika turubai, akaendelea kulala nje.

Wakati huo ndipo wifi yangu, dada yake mdogo, aliposhuka kutoka Wundanyi. Anatengeneza kompyuta na simu kule mlimani, na alikuwa na mafunzo ya wiki mbili hapa mjini, kwa hivyo alifikia kwetu. Jumamosi moja alasiri aliweka laptopu yake kwenye meza ya sebule, akachomeka kipanya, akaanza kucheza gemu. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Milango na madirisha yalikuwa wazi kama kawaida ya nyumba yetu ya siku hizo. Mume wangu alikuja akasimama barazani, akaegemea mwimo wa mlango, akaangalia.

Ilikuwa gemu ya ajabu. Nilitarajia makelele, kumbe ilikuwa na ukimya mwingi. Mtu mmoja amevaa vazi la anga, chombo chake kimeanguka kwenye sayari isiyo na watu, ana bunduki na taa, basi. Mbele yake kuna magofu: nguzo ndefu kuliko mnara wa kanisa, ngazi zilizomeguka, milango ya mawe yenye maandishi yasiyosomeka. Upepo unavuma. Vumbi linapita likiwa na rangi ileile ya vumbi la huku kwetu. Halafu ghafla kitu kinachodhaniwa ni sanamu kinafungua jicho la rangi ya chungwa, na hapo ndipo unapopiga risasi, maana hao ni walinzi wa chuma walioachwa na wenye mji, na hawajui kwamba wenye mji walishakwisha zamani.

"Hiyo ni nini?" mume wangu akauliza.

"Gemu, kaka. Fupi tu. Mtu akiwa na nafasi anaimaliza kwa siku moja."

"Na huyo anatafuta nini humo?"

"Njia ya kutokea upande wa pili."

Hakuondoka pale mlangoni. Wifi alipotoka kwenda sokoni, aliniachia kipanya akaniambia nijaribu. Nilipiga ukuta. Nilipiga nguzo. Mlinzi wa chuma alinijia taratibu kabisa, nami nikawa nampigia risasi angani juu ya kichwa chake hadi akaniangusha. Nikasikia kicheko nyuma yangu. Mume wangu alikuwa akicheka, mkono mdomoni, kama anaona aibu.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "huyo hakai darini."

"Njoo basi upige wewe."

"Endelea. Ila usipite katikati. Shika ukuta."

Nikashika ukuta. Akaketi kizingitini, miguu ikiwa nje. Wifi aliporudi na mboga alitukuta hivyo, mimi napiga, yeye anaelekeza, na akawa na akili ya kupita kimya kimya kwenda jikoni.

Kisha tukafika mahali njia inaposhuka. Lango la jiwe likafunguka, yule mtu akaingia, na nyuma yake lango likajifunga. Skrini nzima ikawa nyeusi isipokuwa duara dogo la taa. Muziki ukakatika. Kilichobaki ni pumzi zake ndani ya kofia, zikiingia na kutoka.

Niligeuka nikakuta kizingiti ni kitupu. Alikuwa uani, ameinama kando ya mpapai, anatapika.

"Zima," nikamwambia wifi. "Zima hiyo kitu."

"Wifi, sikufikiria. Haki ya Mungu sikufikiria."

Nilimpelekea mume wangu maji. Alisukutua, akanawa uso, akakaa kwenye jiwe la kufulia muda mrefu. Nilijilaumu. Nilikuwa nimefurahi kumsikia akicheka, furaha ikanifanya nisione tunakoelekea. Lakini alipoinuka alipita moja kwa moja hadi mlangoni.

"Umeifunga?" akamuuliza dada yake.

"Nataka kuifunga."

"Usifunge. Iache hapohapo ilipo."

Kesho yake, Jumapili, tulipotoka kanisani na kula, alivuta kiti akakaa mezani. Ndani ya nyumba. Kiti kilikuwa karibu na mlango, lakini kilikuwa ndani. Wifi alimwonyesha kitufe cha kusogea, cha kupiga, na cha kusimamisha kila kitu.

"Huyu akisimama, hakuna kinachoweza kumfikia?" akauliza.

"Hakuna, kaka. Hata ukikaa mpaka kesho."

Alicheza kwa namna ambayo sijaona mtu akicheza. Anashuka kidogo, anabonyeza kitufe, anaenda nje, anavuta hewa, anarudi. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Walinzi wa chuma hawakumsumbua sana. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu, na akishaona jicho la chungwa ni risasi moja tu. Kilichompa tabu ni zile njia nyembamba zisizo na mtu yeyote.

Na katika kusimama huko, akiwa anaangalia skrini wala si mimi, akaanza kusema.

"Taa ilipozimika nilidhani nimekuwa kipofu. Nilijigusa macho kwa vidole nione kama yako wazi."

Nilikuwa na daftari la mtoto mkononi na sikuthubutu hata kulifunga. Akabonyeza, akasogea, akapita kona, akasimama tena.

"Nilikuwa nasikia nyundo zao. Nikadhani ni moyo wangu unagonga. Nikawa nauambia upunguze."

Mara nyingine akasema, "Niliita jina lako kwanza. Baadaye nikaacha, nikaona namaliza hewa."

Wifi alikuwa jikoni. Nilimsikia amefunga bomba la maji ili asikie, au ili asitukatize, sijui. Mimi machozi yalikuwa yakidondokea hesabu za mtoto wa watu, na nilipoyafuta kwa leso wino ukasambaa.

Chini kabisa ya magofu kulikuwa na ukumbi. Taa yake ndogo ilipita ukutani na tukaona safu za vichwa vya mawe vimepangwa kwenye vishubaka, mamia, vyote vinatazama upande mmoja. Nilitegemea angetoka nje. Badala yake aliegemea nyuma ya kiti, na pumzi zake zikatulia.

"Hii ni kama pango la juu kwetu," akasema. Alimwita dada yake aje aone. "Si ni kama lile la mafuvu ya wazee?"

"Mimi sijawahi kupelekwa," wifi akasema, akifuta mikono.

"Mimi babu alinipeleka, nikiwa mdogo. Akaniambia hawa ni watu wetu, wasalimie. Nikawasalimia. Sikuogopa siku hiyo." Akaangalia ule ukumbi kidogo. "Hawa waliojenga hapa walienda wapi?"

"Gemu haisemi, kaka. Hata ukifika mwisho haisemi."

"Ni sawa," akasema. "Si lazima iseme."

Alicheza mpaka jua likaingia sebuleni kwa dirisha la magharibi na ikabidi nikinge skrini kwa ubao wa kukatia mboga. Mwisho wenyewe haukuwa na kishindo. Aliwaangusha walinzi wawili wakubwa, akapanda ngazi ndefu, mlango ukafunguka, na yule mtu akatoka kwenye uwanda mpana, upepo, nyasi za rangi ya majivu, na majua mawili yanachomoza. Hakuna zawadi wala tarumbeta. Akatembea kidogo, majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda, na mume wangu akayasoma yote mpaka la mwisho.

Usiku ule aliingiza godoro ndani.

Ningependa kusema nilifurahi tu. Nilifurahi, kwa kama wiki moja. Wifi alirudi Wundanyi, mume wangu akaanza kuingia stoo, akafunga mlango wa bafu, nikatoa leso yangu pale. Halafu jioni moja, tukiwa tunakula, akasema:

"Kesho naenda shimoni."

Kijiko kiliniponyoka.

"Unaenda kufanya nini?"

"Kuna jambo nataka kulimaliza huko."

"Umepona ndio urudi kufukiwa tena? Si bora ungebaki barazani."

"Mwalimu."

"Usiniite mwalimu."

Hakupandisha sauti. Alisema atarudi kabla ya jioni, na kwamba akinieleza kabla hajafanya nitamkataza. Hapo alisema kweli. Asubuhi aliondoka na mwenzake mmoja kwa pikipiki.

Siku hiyo sikufundisha. Niliwapa watoto kazi ya kuchora, nikakaa mezani nikipiga simu, na simu haikuwa ikipatikana, maana huko mtandao ni wa kubahatisha. Saa ya chai nilimpigia wifi. Aliposikia alianza kulia, akisema ni yeye aliyeileta ile gemu. Nikawa sasa mimi ndiye wa kumbembeleza, nikimwambia mambo ambayo mwenyewe sikuyaamini. Nilikuwa nimeshaona akilini mwangu jinsi nitakavyoitwa ofisini na jinsi mwalimu mkuu atakavyoinuka kitini.

Watoto walikuwa wanafagia madarasa nilipomwona mume wangu akiingia getini. Alikuwa na mkoba wa vifaa begani na vumbi mpaka magotini. Alitembea polepole, akamsalimia askari wa geti, akapita kando ya mlingoti. Nilisimama mlangoni pa darasa.

"Nimeingia," akasema alipofika.

"Wapi?"

"Ndani. Mpaka pale paa lilipoporomoka. Wamelivunja jiwe lililoziba njia, sasa kunapitika. Nimekaa kidogo, kisha nikageuka nikatoka." Akashusha mkoba. "Ile siku nilivutwa kama gunia. Nilitaka nitoke kwa miguu yangu."

"Na kesho?"

"Hakuna kesho. Nimewaachia wenzangu shimo. Sirudi."

"Sema tena."

"Sirudi."

Nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la nne, magoti yakinigusa kidevu, nikacheka na kulia pamoja mpaka mwalimu mwenzangu akaja mbio akidhani nimefiwa. Mume wangu ndiye aliyemweleza kwamba hapana, tuko sawa. Kifua changu kilikuwa chepesi hata nikashangaa nilikuwa nimebeba nini muda wote huo. Nikampigia wifi. Sikuweza kuongea, nikampa yeye simu. Dada yake alimgombeza kwa Kidawida, lugha ya huku Taita, mfululizo, naye akawa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku akitabasamu ukutani.

Sasa anafanya kazi na watu wanaochimba visima. Mashine inashuka, yeye anabaki juu kwenye jua, na maji yakitoka anarudi nyumbani amelowa. Bado kuna mambo asiyoyaweza. Tulipoenda Mombasa kumwona mgonjwa alipanda ngazi hadi ghorofa ya sita wakati sisi wengine tulikuwa kwenye lifti, akafika akihema, nikampa chupa ya maji na hakuna aliyemuuliza kitu. Ile gemu hajaicheza tena. Wifi alimletea nyingine, ndefu, ya vita vingi na miji inayoungua. Aliijaribu kwa dakika chache, akasema ina watu wengi mno, akatoka kwenda kumwagilia mipapai.