Gari Lililopimwa kwa Jiwe

Gasper hakuwahi kuendesha gari akiwa amevaa viatu. Alifungua mlango, akakaa kiubavu miguu ikiwa nje, akavua, akagonganisha soli kupukuta udongo, kisha akavipanga viatu chini ya kiti cha abiria vikitazama mbele, kama vyenyewe ndivyo vinavyosafiri. Mkewe, Yusta, alimkuta na tabia hiyo na hakuweza kumwachisha. Siku ya harusi yao Gasper alitoka kanisani na suti ya kijivu, akashika usukani wa gari la kuazima akiwa na soksi tu, na walipofika ukumbini wageni walisimama wakimsubiri bwana harusi amalize kufunga kamba. Alisema mguu wenye kiatu ni kiziwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake yote, na aliwaeleza askari wa barabarani kwa utulivu ule ule aliomweleza nao mkewe.

Alikuwa mpima ardhi, mtu wa Rombo, aliyeletwa Kibondo na ajira ya serikali akiwa kijana mwenye begi moja. Akahamishiwa Kasulu, akaoa hapo hapo, na kila uhamisho mwingine ulipokuja alipata namna ya kuukwepa. Alikuwa mfupi. Yusta, mwalimu wa shule ya msingi, alimpita kwa kichwa kizima, na Gasper ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitania jambo hilo ili wengine wasipate nafasi. Akisimamisha fimbo yake ya kupimia, aliwaambia wenye viwanja kwamba wasipomwona wamtafute nyuma yake.

Kitu kimoja alichokipokea kwa Waha kwa mikono miwili ni heshima ya ukwe. Kilimani kwa kina Yusta, mbele ya Rungwe Mpya, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake, hampi mkono, haketi naye kiti kimoja, na likiwepo la kusema linapitia kwa mtu wa tatu. Vijana wa huko siku hizi wameilegeza. Wapo wanaowapakia mama wakwe kwenye bodaboda na hakuna anayegeuka kutazama. Gasper, kwa kuwa ni mgeni, aliishika kuliko wenyewe. Josepha, mama yake Yusta, akiwa amekaa mkeka wa pili tu, Gasper aliinamisha macho na kusema, "Yusta, mwambie mama kwamba mvua ya huku imekuwa nzuri." Na mama, aliyesikia kila neno, alisubiri Yusta arudie ndipo ajibu, akimtaja mkwe kwa Kiha, "Mwambie umukwe kwamba ni nzuri." Yusta alizoea kuwa ukuta ambao watu wawili wanaopendana wanaupigizia mpira.

Kisha macho ya mama yakaingia ukungu. La kushoto lilifunga kabisa, la kulia likawa linamwonyesha watu kama nguo zilizoanikwa. Akawa anamwita Yusta kwa jina la dada yake mpaka Yusta aseme neno. Ilikuwa mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa kwa upasuaji mfupi, na madaktari wa macho walikuwa wakija Kibondo mara moja kwa mwaka, wanakaa wiki, wanaondoka. Tatizo lilikuwa kumfikisha. Bodaboda ilishamwangusha, na alikuwa ameapa kutoipanda tena. Machela aliikataa kwa maneno ambayo kilima kizima kiliyarudia kikicheka: alisema akipita amebebwa watu watatoka nje na kuanza kulia, na yeye hana muda wa kuwanyamazisha.

Lilibaki gari la Gasper, Escudo la rangi ya mtindi, alilolinunua likiwa limeshazeeka. Mwaka wa kwanza alijaribu. Baada ya Rungwe Mpya kuna kijito kisicho na daraja, na katikati ya kijito jiwe pana limelala. Escudo lilipanda jiwe kwa magurudumu ya mbele, likakaa kwa tumbo. Oili yote ikaenda na maji. Majirani walisukuma, wakavuta kwa kamba, na gari lilipotoka lilikuwa halina safari. Madaktari wakamaliza wiki yao. Gasper akarudi Kasulu juu ya lori la mihogo, na alipofika alimwambia mkewe kwamba amevumilia mengi kazini, lakini hajawahi kutukanwa na jiwe.

Kiangazi, maji yalipopungua, alirudi na utepe wake akalipima: urefu, upana, na mahali lilipochongoka. Kipimo hicho akakipeleka kwa Abbasi, fundi mwenye gereji nyuma ya soko la Kasulu, mtu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko spana zake, ingawa spana nazo hazikulala. Akamwambia anataka Escudo linyanyuliwe.

Abbasi alisema inchi mbili ni afya. Ukizidi hapo, shafti za mbele zinakaa mshazari na kupasua raba zake, na kwenye kona gari linalala kama mlevi.

"Jiwe linataka nne," Gasper alisema.

"Kwani jiwe ndilo lenye gari?"

"Mwaka jana lilikuwa nalo siku mbili."

Abbasi alicheka, na kwa kucheka akawa ameshashindwa. Walitoa springi zilizochoka, wakaweka ndefu na ngumu, na juu yake vipande vya chuma vya mviringo vya kuongeza kimo. Wakatafuta shokapu zinazofikia urefu huo. Mipira ya breki nayo ikabidi iwe mirefu, maana gurudumu likining'inia shimoni, ule wa zamani ungekatika. Zikaja tairi kubwa zenye meno, na Abbasi akakata kingo za bodi ili zisisuguane nazo gari likikunja kona. Kila jioni Gasper alipitia gereji kutoka kazini, akachuchumaa, akatazama mwanga ukipita chini ya gari lake, akaenda nyumbani akiwa na furaha.

Siku alipolileta nyumbani, jirani yao Asmahani, muuza vitenge, alitoka nje akamuuliza kama ngazi imo kwenye bei. Gasper alishika mpini wa ndani ya mlango, akaruka, akatua kitini, akamwonyesha meno yote. Yusta alipanda upande wa pili kwa miguu yake mirefu bila kufikiri chochote. Baadaye alijilaumu kwa hilo zaidi ya alivyomlaumu mumewe.

Mwaka huo madaktari walikuja mvua zikiwa zimeanza. Ruhusa ya Gasper ilichelewa, na walipotoka Kasulu alfajiri walijua wana siku hiyo moja: wagonjwa wapya walikuwa wanapokelewa hadi saa kumi alasiri, basi. Njiani gari lilipepesuka kwenye matuta na Yusta alishika dari, lakini kwenye kijito lilipita juu ya jiwe bila hata kuligusa. Ng'ambo Gasper alisimama, akashuka peku, akarudi hadi ukingoni, akalisalimia jiwe na kuliuliza habari za mwaka mzima.

Walimkuta mama amekaa nje tayari, kitenge kipya, kitambaa kichwani, kifurushi mapajani. Aliposikia gari alinyanyuka, akalifuata kwa mkono ulionyooshwa. Kiganja chake kiligusa tairi, kikapanda, kikapanda tena, na kilipopata kizingiti cha mlango kilikuwa usawa wa kiuno chake. Akaurudisha mkono kwenye kifurushi.

Ndipo Yusta alipoelewa. Kuingia mle kulimaanisha kunyanyua kitenge mpaka juu ya goti na kurusha mguu, mbele ya umukwe. Gasper naye alielewa wakati huo huo, kwa sababu aligeuka akaenda kusimama nyuma ya migomba, mgongo ukiwatazama.

Yusta alijaribu peke yake. Aliweka kigoda; kigoda kikazama upande mmoja kwenye udongo mbichi, na mama akamwangukia kifuani. Wakacheka wote wawili, kisha mama akaacha kucheka. Wanaume wa jirani walikuwa mnadani. Yusta alisema amsukume kwa nyuma kidogo tu. Mama alijibu kwamba hatasukumwa makalio uani kwake kama mbuzi anayepandishwa lori. Jua lilikuwa linapanda, na Kibondo ilikuwa mbali.

Kutoka nyuma ya migomba ikaja sauti. "Yusta, mwambie mama nitafumba macho, nimbebe."

Mama hakusubiri irudiwe. "Mwambie umukwe, akifumba macho, mikono yake itakuwa inaona." Akakaa chini juu ya kifurushi chake. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa ya Yusta peke yake, akasema, "Nikifunguliwa macho baada ya hapo, nitamtazama vipi?"

Yusta alijua kwamba jicho la kulia halingemsubiri mama mwaka mwingine. Alimtazama mumewe katikati ya majani ya migomba: mabega yameshuka, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, hana utani. Gasper alizungumza akitazama chini, bila kumtuma mtu.

"Nililipima jiwe. Mama sikumpima."

Mama aliinua uso. Alisikiliza kama anayetaka kuhakikisha kwamba sentensi imeisha. Kisha akamwambia Yusta amuulize umukwe kama gari lake linarudi nyuma vizuri.

Chini ya jiko la zamani, alieleza, kulikuwa na mahali ambapo kilima kilikatwa zamani, enzi malori yalipokuwa yanafika kuchukua maharage. Lori lilisogezwa hadi kwenye ukingo wa mkato huo, bodi likawa sawa na uwanja, na wabebaji waliingia na magunia kichwani bila kupanda chochote. Yeye mwenyewe aliingia humo mara nyingi, hata akiwa na mimba ya Yusta.

Gasper alilirudisha Escudo kwa kuchungulia dirishani, akalilaza kando ya ukingo mpaka kioo cha pembeni kikasuguana na majani. Ukingo ulizidi kizingiti cha mlango kidogo. Akachukua jembe la mama, akakwangua udongo, akajaribu mlango, akakwangua tena, muda wote akijitahidi mgongo wake uwe upande alikokuwa mama. Ulipokuwa sawa alikanyagia udongo kwa nyayo zake, akazunguka, akaruka kitini, akashika usukani akitazama mbele. Mama alimshika Yusta mkono akaingia ndani ya gari kwa hatua mbili za kawaida, kama anayeingia sebuleni kwa watu. Akaketi nyuma, akatengeneza kitenge.

"Mwambie umukwe kwamba hewa ya huku juu ni nzuri," alisema.

Walifika Kibondo wapokeaji wakiwa bado mezani. Wauguzi wawili wa kike walimshusha mama wakimtania kwamba amekuja kwa ndege. Kesho yake jioni bendeji ilipotolewa, alimwita Yusta kwa jina lake kabla Yusta hajafungua mdomo. Yusta alilazimika kutazama ukutani kidogo. Gasper alikuwa amesimama mlangoni, macho sakafuni, na mama alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia juu kwenda chini. Safari hiyo ilikuwa fupi.

"Mwambie umukwe," alisema, "kwamba sauti yake ni ndefu."

Gasper alicheka mpaka akatoka nje.

Baada ya hapo watu wengi walimshauri alishushe gari. Lilikunywa mafuta, lilikula tairi za mbele, lilimtapisha Yusta kwenye kona. Abbasi mwenyewe alijitolea kulishusha kwa nusu ya alichotoza kulinyanyua. Gasper alikataa, na badala yake akajenga mbele ya nyumba yao jukwaa la matofali ya kuchoma lenye ngazi tatu, usawa wa mlango wa gari. Asmahani aliliita kituo cha treni. Kila Krismasi, na mara nyingine bila sababu, mama alishuka hapo akiwa na ndizi na maneno ya kupelekewa umukwe, ambaye alikuwa amesimama hatua chache tu mbele yake.

Presha ilimpata Gasper ghafla, masika, wala hakulala hospitali siku nyingi, na nyumbani hakurudi. Alasiri moja Yusta alikaa kando ya kitanda akimsimulia mambo ya nyumbani ili asichoshwe na ukimya: Asmahani anamsalimu, Abbasi amepita, amesema sasa mwalimu ndiye atakayekuwa anaendesha, basi ni afadhali Escudo lirudishwe chini, yeye atalifanya Jumamosi bila malipo. Gasper alisikiliza macho yamefumba. Yusta alidhani amelala, akaanza kukusanya vyombo.

"Gari lisishushwe," alisema. "Mama ameshalizoea."