Mwambie Mumeo Afungue Boneti

Mume wangu Asadi ana wapenzi wawili, na mimi nashukuru kwamba huyo mpenzi mwenzangu anakunywa dizeli. Kila Ijumaa akirudi kutoka msikitini, hapa kwetu Chuno, anavua kanzu na kwenda moja kwa moja kufungua boneti. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta, anakichovya tena na kukitazama kama sonara anayekagua pete. Anaongeza maji kwenye rejeta, anajaza upepo matairi, anasugua vichwa vya betri kwa mswaki. Siku nyingine mswaki wenyewe ni wangu.

Simlaumu sana. Gari lenyewe ni forwili kuukuu la kijani, na ndilo linalotulisha kwa kubeba mihogo na korosho za watu. Alilinunua likiwa halina hata kiti cha nyuma, akalifufua kidogo kidogo mpaka likawaka. Asadi ni mpole, hana neno na mtu, na jirani akiomba lifti hajui kukataa. Ila ana ubishi mmoja tu: gari likiugua, anayejua ugonjwa ni yeye peke yake.

Msimu uliopita wa kupulizia mikorosho alikwenda kijijini Ziwani kumsaidia mama yangu. Alibeba mifuko ya unga wa salfa na mapipa ya maji, akawa anafuata wapulizaji mstari kwa mstari kati ya mikorosho. Betri ilikuwa imechoka, na kwa kuogopa kwamba akizima gari halitawaka tena, aliliacha linaunguruma kutwa nzima katikati ya lile vumbi la njano. Sisi tuliokulia kwenye korosho tunaipenda salfa kwa sababu ndiyo inayookoa maua. Haituingii akilini kwamba inaweza kudhuru kitu kingine chochote isipokuwa ukungu.

Aliporudi aliliosha gari mpaka likang'aa, akanunua betri mpya, akaja kunionyesha kama mtu aliyepata mtoto. Wiki haikuisha likaanza kukohoa. Likipewa mzigo linatoa moshi mweusi, likiona kilima linaishiwa nguvu. Asadi akabadilisha chujio la dizeli. Akabadilisha na oili. Kisha akaanza kuwasema wauza mafuta, nami nikajua ameishiwa maarifa.

Katikati ya hayo ndipo mama alipokubali kupasuliwa macho. Mama yangu, Bi Rukia, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ukungu machoni ulianza mwanangu wa kwanza akiwa bado ananyonya, na sasa yuko sekondari. Tulimbembeleza miaka nenda rudi, naye akakataa kwa sababu aliogopa kisu. Safari hii madaktari wa macho walikuja mjini kwa siku chache, na sijui nini kilimgusa, akasema, "Haya, nitakwenda. Mara hii moja. Ikishindikana msinifuate tena." Ninavyomjua mama, maneno yale hayakuwa ya mzaha. Tuliambiwa asiyefika kabla ya adhuhuri siku ya mwisho hatapokelewa, na nafasi yake ilikuwa siku hiyo ya mwisho.

Asubuhi hiyo tulimchukua Ziwani. Mama alikaa nyuma, mimi mbele. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemeshani ana kwa ana. Maneno hupitia kwa mke, hata kama wote watatu wamekaa mahali pamoja na kila mtu anasikia. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo, lakini mama ameishikilia, na Asadi kwa heshima anamfuata.

Tulipofika kwenye kilima, gari likafuka moshi, likatetemeka, likazima. Asadi akaliwasha. Likapanda kidogo, likazima tena. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nilimwona mume wangu akishika usukani kwa mikono miwili, nami nikaogopa kweli. Nyuma, mama alikuwa anajifunga mtandio upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani.

Kisha akanusa. "Rehana," akasema, "mwambie mumeo gari lake linanuka salfa."

"Mwambie mama nililiosha," Asadi akajibu.

"Mwambie aliosha ngozi. Mashine yangu ya kupulizia ilikuwa inakohoa hivihivi, inatoa moshi hivihivi, ikijaa salfa kwenye pua. Hili gari pua yake iko wapi? Mwambie mumeo afungue boneti."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Asadi alikuwa ameshashika mlango. Aliteremka, akafungua boneti, akafyatua klipu za lile boksi jeusi wanaloliita ea klina, ambalo ndani yake hukaa chujio la hewa. Kila Ijumaa alikuwa analifuta juu, wala hajawahi kulifungua tangu aliponunua gari. Chujio lilitoka limejaa unga wa njano, mikunjo yote imeziba.

"Mwambie mumeo alikung'ute," mama akasema kutoka dirishani. "Na asisimame kule upepo unakokwenda."

Onyo lilichelewa. Asadi alikwisha kulipiga kwenye tairi, na wingu lote likamrudia usoni. Alipiga chafya mpaka kofia ikadondoka, machozi yakamchuruzika. Mama akacheka, nikacheka na mimi, kwa kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kulia.

Gari lilipanda kile kilima bila kusita. Tulifika hospitali mstari wa wagonjwa ukiwa umebaki mfupi, lakini mlango ulikuwa bado wazi.

Mama alipasuliwa jicho la kwanza siku hiyohiyo, na siku ya pili akafunguliwa bandeji. Alitoka nje bila kushikwa mkono. Asadi alisimama pembeni ya gari, ameinamisha macho kwa heshima. Mama akalizunguka lile gari, akaligusa taa, akagusa mlango, kisha akamtazama mwenye gari kwa muda mrefu.

"Rehana," akasema, "mbona hukuniambia mumeo ameota mvi?"

Machozi yalinitoka palepale, mbele za watu.

Kurudi Ziwani, mama alikaa nyuma kama kawaida, ila safari hii amejisogeza katikati, shingo mbele. "Mwambie mumeo kuna shimo," akasema. "Mwambie kuna mbuzi upande wa kushoto. Mwambie kuna shimo lingine." Hakunyamaza njia nzima. Asadi anaijua barabara ile, anaweza kuipita amefumba macho. Lakini kwa kila shimo alipunguza mwendo, akajibu kwa sauti ya upole, "Mwambie mama asante, nilikuwa sijaliona."