Mkono wa Bi Gulshani

Harufu ya saruji ndiyo inayonirudishia mwaka ule. Balad, mji mkongwe wa Jeddah, yote ilinuka saruji na unyevu wa bahari. Kuta za matumbawe za nyumba yetu zilitoa jasho, na shuka tulizoanika juu ya paa zilikauka na vumbi jeupe kama zilizonyunyiziwa unga. Kutoka paani tuliziona meli zilizoijaza bandari ya Jeddah, zikingoja wiki kwa wiki kushusha saruji, nondo na viyoyozi. Mafuta yalikuwa yameiita dunia nzima, nayo ikaitika. Majirani wenye uwezo walihamia mtaa mpya wa Al-Safa, na vyumba walivyoviacha vikajaa vibarua. Sisi Wazanzibari tulioondoka kwetu mwaka wa sitini na nne tulibaki, familia tatu kwenye ngazi moja yenye giza. Ghorofa ya juu kabisa alikaa Bi Gulshani, peke yake, na kiti chake siku zote kiliipa bahari mgongo.

Alizaliwa Bombay, na katika ujana wake aliigiza filamu za zamani zisizokuwa na sauti. Mama ndiye aliyeniambia hivyo, na akaniambia pia kuwa Bi Gulshani alipanda meli na mdogo wake, Zarina, kwenda Unguja kuolewa, meli ikapasuka mwambani. Zarina akazama; yeye aliokolewa amekumbatia sanduku la mavazi ya kuigizia. Akasilimu, akaolewa, akafiwa na mume, na wazazi wangu walipokimbia walikimbia naye. Kwa mdomo wake hakuisimulia ajali ile hata siku moja. Aliiigiza. Nilikuwa na miaka tisa, na mchana, watu wazima walipojilaza, nilipanda kwake. Mwanga uliopenya vitundu vya mbao za roshani ulimwangukia usoni, na uso ule wa kikongwe ukawa wa msichana, kisha wimbi, kisha nahodha mwoga. Katika mji usiokuwa na sinema, mimi nilikuwa na yangu. Mwisho ulikuwa mmoja daima: mkono wa Zarina ukitoka majini, kiganja wazi, vidole vikijikunja kimoja kimoja, cha shahada kikibaki cha mwisho. Kazi yangu ilikuwa kuudaka mkono ule kabla kidole hicho hakijalala. Nikiwahi, Zarina ameokoka, nasi tunakula tende. Nikichelewa, Bi Gulshani aligeukia ukuta, na mchezo umekwisha.

Kabla ya Ramadhani kiharusi kikamchukua ulimi na upande wote wa kulia. Nikawa mkalimani wake. Kiu, baridi, haja, vyote nilivisoma mkononi na kuvisema kwa sauti, na nyumba nzima ilinisifu. Siku zilizidi kumbana, hata Ijumaa moja, watu wakirudi msikitini, pumzi yake ikaanza kukwaruza. Wanawake walipanda, na wa mbele alikuwa Bi Salama, mwosha maiti wetu. Yeye akikataa kuosha, hakuna mwingine ambaye angethubutu.

Mama aliinama akamtamkisha shahada, mara ya tatu, mara ya nne.

"Usijichoshe, mwanangu," Bi Salama alisema. "Huyu alisilimu kwa ajili ya mume. Mume keshakufa."

"Ulimi hana, Bi Salama," Mama alijibu. " Mwataka aseme kwa kitu gani?"

"Maisha yake yote kasema bila ulimi, tena akalipwa. Leo ndiyo ashindwe? Mimi mtu nisiyemjua dini yake simwoshi."

Hapo mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye shuka. Kiganja wazi. Kidole kidogo kikajikunja, kikafuata cha pete, kikafuata cha kati. Macho yake yalinitazama mimi.

"Anasema nini?" Mama aliniuliza. "Sema, mwanangu, wewe ndiye unayemjua."

Nilijua. Mfa maji hukamata maji, na mimi nilisimama hatua mbili tu kutoka kitandani. Lakini nilimwona Bi Salama anangoja, na nikaogopa wasije wakamwacha alale bila kuoshwa.

"Anatoa shahada," nilisema. "Wa kulia umekufa, anatumia wa kushoto."

Kidole kilikuwa bado kimesimama peke yake. Bi Salama akaangua kilio. "Nisamehe, dada'angu, nisamehe!" Akaushika mkono ule kwa upole, akaushusha, akauingiza ndani ya shuka na kuubana ukingo wake chini ya godoro. Bi Gulshani aligeukia ukuta. Hakugeuka tena. Alioshwa vizuri, na Balad nzima ikahudhuria matanga yake.

Sasa naishi Riyadh, katika fleti ya mtaa wa Malaz, na nimeambiwa nyumba yetu ya Balad iliporomoka mvua iliponyesha. Mahali pa roshani ile mimi nina televisheni, na haikosi maneno tangu asubuhi. Watu niliowasimulia husema uongo ule ulikuwa wa kheri, na huenda ni kweli. Maiti alihitaji kuoshwa. Ila aliyekuwa hai bado alihitaji kitu kidogo kuliko hicho, na mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu. Mara nyingine namkuta binti yangu ameizima sauti ya televisheni, anawatazama watu wakifungua vinywa. Ananiuliza, "Mama, huyu anasema nini?" Nampa mkono kwanza.