Moshi wa Gari la Baba
Harufu ya oili iliyoungua ilitanda uani kwetu Iringa masika yote yale, ikaingia jikoni, ikaganda kwenye mablanketi, hata uji ukawa kama umepikiwa gereji. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami sijaanza shule. Baba, dereva wa lori la mbao, alikuwa amenunua gari dogo kuukuu, na furaha yake ilidumu mpaka tulipopata habari kwamba bibi, mama yake mama, anaumwa sana huko Mbeya. Siku ile ile mama alifunga mzigo wake akauweka mlangoni. Baba aliwasha gari, akafungua boneti, akakuta bomba dogo la kupumulia la injini linatoa moshi wa samawati, unaruka pu, pu, pu, kama mtu anayevuta kiko.

"Hatufiki hata Mafinga na injini hii," alisema. "Nipe mpaka kesho, Mama Sekela."

Kesho ikafuatwa na kesho nyingine. Alilizibua lile bomba akidhani limejaa uchafu, moshi ukazidi. Baba mkubwa akaja akasema injini imekwisha, auze vyuma. Baba hakutulia. Alikula amesimama, kisha akarudi kuinama kwenye injini. Mama naye aliufungua mzigo, akakunja nguo upya, akaufunga. Kila basi lilipopiga honi barabarani alitoka kuchungulia, lakini baba alimsihi angoje, maana alitaka kumpeleka mwenyewe.

Asubuhi moja mama alimfuata pale kwenye gari. "Baba Sekela, mama yangu hangoji gari lako. Kesho napanda basi."

Baba alifuta mikono kwa tambara. "Basi nisaidie leo. Peke yangu siwezi kushika waya na kutazama moshi."

Nilikatazwa kusogea, nikatazama kutoka kizingitini. Injini ikinguruma, mama alizungushia mkono kitambaa kizito kikavu, akachomoa waya wa plagi ya kwanza ili silinda yake isiwake. Injini ikayumba, moshi haukubadilika. Akaurudisha, akachomoa wa pili; vilevile. Alipochomoa wa tatu, ule mruko wa moshi ukalegea, ukabaki mvuke mwembamba.

"Rudisha," baba alisema. Moshi ukaruka tena. "Ni hapo. Ringi ya pistoni imevunjika, ile pete inayozuia moto, sasa unapenya chini kwenye oili."

Mama hakutabasamu. "Itachukua muda gani?"

"Siku mbili, kisha nakupeleka mwenyewe," baba alisema.

Mama alimwamini, hakupanda basi. Baba alikwenda Mafinga kutafuta ringi kwenye gari bovu la aina ile ile, akarudi, akafungua injini, akaifunga, tukaondoka ikipumua safi. Tulimkuta bibi yu hai, lakini hakumtambua tena mwanawe. Alimdhani jirani, akamwomba amwitie binti yake. Mama akajibu, "Anakuja, mama. Yuko njiani." Bibi alifariki kabla ya Jumapili. Wakati wa kurudi mama alikaa nyuma pamoja nami, na baba aliendesha akiwa peke yake mbele. Sikuwahi kuwasikia wakigombana kwa ajili ya hilo.

Siku hizi Iringa hadi Mbeya ni lami tupu, na gari la mwanangu huwasha taa lenyewe likiugua. Vijana hunicheka kwa haraka zangu. Nikisikia tu mtu wetu amelazwa, nanyanyuka na nguo nilizovaa. Mwanangu husema, "Mama, subiri nimalize kazi nikupeleke." Humshukuru, kisha nakwenda stendi kupanda chochote kinachoondoka kwanza.