Losheni ya Sabato

Mtanisamehe kwa mwandiko wangu na maneno niliyokosea. Shule niliachia darasa la nane na mkono wangu ni mzito. Kusema mbele ya watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu ni albino, msichana wa miaka kumi na mitatu. Hapa Muhuru Bay, kando ya ziwa, mama yetu huanika omena, wale dagaa wadogo, juu ya nyavu ufuoni, na mdogo wangu hufukuza ndege mpaka zikauke. Wanunuzi humtania.

"Ukisimama hapo omena hatuzioni. Unang'aa kuzishinda."

"Basi vaeni miwani," huwajibu.

Kliniki ilimpa losheni ya jua. Inanukia vizuri, kwa hiyo mama aliifungia kwenye sanduku pamoja na nguo za Sabato. Kila Jumamosi nilimpaka, tukaenda kanisani aking'aa. Siku za omena nilimpaka mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa, yale ya kukaangia, ngozi isipasuke. Nilijua namlinda.

Kisha kidonda kikatokea kwenye ukingo wa juu wa sikio lake. Tulidhani ni karai analobeba kichwani linamkwaruza. Kilikauka, kikafunguka tena, kikaanza kutoa damu. Mama akatupeleka hospitali, Homa Bay.

Daktari alikitazama muda mrefu. "Mama, losheni hamkupewa?"

"Tulipewa. Ile ni ya Sabato."

"Ya Sabato namna gani?"

"Akienda kanisani. Apendeze."

"Huko kanisani anakaa juani?"

Mama akatikisa kichwa.

"Na akianika omena?"

"Anapakwa mafuta ya mbuta."

"Nani humpaka?"

Niliinua mkono kama niko darasani. Daktari hakunigombeza. Alisema mafuta yale hayazuii jua hata kidogo, na kwamba kidonda kile ni saratani inayoanza, lazima akikate kabla hakijaenda mbali. Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nimempaka kwa mikono hiyo asubuhi ile ile, nyuma ya masikio pia, nikasugua vizuri.

Walikata kipande cha sikio. Mdogo wangu aliuliza kama hereni bado itakaa. Mama alitoka nje.

Sasa losheni inakaa kando ya mtungi wa maji. Nampaka kabla hajatoka, hata kukiwa na mawingu: masikio, shingo, mikono. Mchana nampaka tena. Anavaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na amefunga mikebe kwenye kamba, anaivuta akiwa kivulini, ndege wanaruka. Lakini mchanga unarudisha mwanga, unamfikia chini ya kofia. Midomo yake imeanza kupasuka, na tarehe ya kurudi kwa daktari iko mbali. Nikifumba macho naona lile sikio.

Kukaa ndani amekataa. Kama kwenu yuko mtoto kama yeye, na mnaishi kwa omena, tafadhali niandikieni: mmempa kazi gani isiyo ya jua? Hata mistari miwili inatosha. Nitamsomea.